Mama mukwe anamwaga maji, jirani anaitwa mwizi

Mama Élisabeth, pokea salamu zangu. Nakusikilizaga redioni nikiwa sokoni, na leo njo mimi ninaomba akili yako, maana niko na neno ambalo siwezi kulisema wala kulinyamazia.

Tunakaa mtaani Kasuku, mimi, bwana yangu Rodrigue, watoto, na mama yake, Mama Bernadette. Robine ya kuchotea maji iko katika kiwanja chetu, na tangu miezi michache fakture, bili ya maji ya kila mwezi, ilianza kupanda, ikapanda tena, mpaka Rodrigue akasema kuna muntu anatuiba, na akaona ni Fifi, jirani yetu anayeuza mandazi, kwa sababu bomba lake linapita chini ya ukuta wetu. Akamuambia mbele ya wateja, "Unga wako unaukanda na maji yangu." Fifi alilia. Sasa Rodrigue amemushitaki kwa shefu wa avenue, mukubwa wa barabara yetu, watasikilizwa Jumamosi, na wateja wameanza kumukimbia.

Juzi mvua ilinifukuza sokoni mapema, nikamukuta Mama Bernadette nyuma ya nyumba anamwaga pipa zima la maji safi, kisha mabidoni yote, yale madumu ya kuchotea, kisha anarudi kwenye robine kujaza upya.

"Mama, unafanya nini?"

"Haya ni ya jana, yamelala. Nataka mapya, maana siku hizi robine imeanza kukauka tena, na itakauka kabisa."

Akakaa juu ya bidoni, akanieleza. Wakati wa vita robine zilikauka, watu wakawa wanachota mtoni Lualaba, na siku moja hakukuwa hata tone nyumbani. Binti yake wa kwanza, Odette, akashuka mtoni. Risasi zikalia ngʼambo, na Odette hakurudi. Rodrigue alikuwa angali mgongoni.

"Kama pipa lingekuwa limejaa," aliniambia, "mutoto wangu angebaki nyumbani."

Mama, nilisikia mzigo unanitoka, maana hakuna mwizi. Lakini nikisema, mama mukwe ataaibika, na nikinyamaza, Fifi atahukumiwa bure. Nifanye nini?

Léontine, Kasuku

*

Léontine, pumua kwanza. Pole kwa Mama Bernadette, amebeba msiba huo miaka mingi peke yake.

Lakini wewe, tangu juzi unangoja nini? Jirani anapoteza jina lake na wewe unapima maneno. Sema na bwana yako leo. Usianze na fakture, anza na Odette. Kisha Rodrigue aende mwenyewe kwa Fifi, palepale alipomutukana, wateja wakiwepo, na aondoe mashitaka kabla ya Jumamosi. Usiende kwa niaba yake.

Na nyinyi wote mujue mita. Inahesabu maji yanayopita, haiulizi kama mumeyanywa ao mumeyamwaga. Fungeni robine zote, muitazame: ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja. Mungefanya hivyo kabla ya kumuita muntu mwizi. Deni lililobaki nendeni ofisi ya maji, muombe kulipa kidogo kidogo.

Mama yenu hajapoteza akili. Maji yetu yanavutwa na pompe, yanasafishwa, yanapandishwa kwenye tanki, njo yanashuka mpaka kwetu. Umeme ukikatika pompe zinalala, na robine inakauka hata leo. Kuweka akiba ni akili, kosa ni kumwaga. Mumuachie pipa lake, liwe na kifuniko. Mupikie na kufulia maji hayo, na yakipungua ajaze yeye.

*

Mama Élisabeth, nilisema siku ileile uliyonijibu. Rodrigue akavaa viatu akaenda kwa Fifi.

"Dada, nilikukosea. Hakuna aliyeniiba."

Fifi akaendelea kugeuza mandazi. "Sema kwa nguvu. Siku ile walikusikia vizuri."

Akasema tena kwa nguvu, wateja wote wakasikia. Fifi akamupa mandazi mawili, akadai bei yake.

Mashitaka aliyaondoa kabla ya Jumamosi, na fakture ya mwezi huu imeshuka. Lakini ninakuandikia kwa sababu ya Jumapili. Rodrigue alikaa karibu na mama yake, akamuuliza dada yake alikuwa muntu wa namna gani. Mama akaeleza jinsi Odette alivyokuwa anaiga sauti ya padri akihubiri, jinsi alivyokuwa anakataa kusukwa nywele. Akaeleza huku anacheka mpaka chakula kikapoa, na tangu niolewe katika nyumba hii, sikuwa nimewahi kumusikia akicheka.