Mstari Mwekundu Chini ya Maji

Makandana, Tukuyu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepunguza kuuma? Na Bibi, bado anakataa kuvaa miwani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku sijaizoea, nalala na sweta. Mama mdogo naye mzima, wiki hii yuko zamu ya mchana wodini. Nakuandikia kwa sababu jambo hili kwenye simu lingenishinda.

Nimepata kibarua kwa Mzee Ambakisye, anayetembeza wageni kwenye ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkeno. Nakata tiketi. Wiki iliyopita fundi Asajile alileta boti mbili ili Mzee achague moja. Ni zile za sakafu ya mbao juu ya mapipa mawili marefu ya chuma, kama ile ya Baba. Zilifanana kila kitu, hata rangi ya bluu. Jumamosi tulikuwa tunategemea watoto wa shule ya msingi.

"Wewe mtoto wa ziwani, unasemaje?" Mzee akaniuliza.

Nikainama, nikagonga mapipa kwa kidole. Fundi akacheka. "Huyu anadhani anachagua maparachichi."

Niliomba tu boti zilale majini. Kwenye kila pipa nikachora mstari juu kidogo ya maji, kama Baba alivyonifundisha. Yeye alitumia lami, mimi nikatumia rangi ya kucha ya Mama mdogo.

Asubuhi boti zote zilikuwa zimekaa sawa, hakuna iliyoinama upande. "Unaona, Mzee? Chukua yoyote," fundi akasema.

Lakini kwenye boti ya pili mistari yote ilikuwa chini ya maji, vidole viwili. Wazee wanaongea, mimi ni nani niwakatize? Nikawafikiria wale watoto. Nikasema, "Mzee, hii inakunywa maji. Yameingia sawasawa pande zote, ndiyo maana haijainama."

Fundi akafungua kifuniko cha pipa, akatumbukiza fimbo kavu. Ikatoka imelowa. Hakubisha. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru, akaivuta nchi kavu mwenyewe. Mzee akachukua ile ya kwanza. Jumamosi niliwahesabu watoto walipopanda, nikawahesabu tena waliposhuka.

Mama, asubuhi ile ya mnada, kabla Baba hajaondoka, mstari wa lami ulikuwa umezama. Niliuona. Alikuwa anawaambia wanunuzi wa dagaa kwamba boti imekaa sawa, nikaona haya kumkatiza mbele ya watu. Nyote mnasema ni upepo uliomzamisha, nami nimewaacha mseme hivyo miaka yote hii.

Msalimie Bibi, na kaka Yohana arudipo kutoka kuvua. Mdogo wangu Sabina mwambie akiona kitu aseme, hata kama watu wazima wanaongea.

Ukikawia kunijibu nitaelewa. Lakini naomba unijibu.

Ni mimi binti yako,
Bibiana