Siku Ine ya Abdias ku Mavivi

Commune Kimemi, Butembo
Tarehe 11 mwezi wa tatu 2001

Mupendwa Yaya Éliakim,

Nakusalimia sana mu jina la Bwana, wewe pamoja na Shemeji Abigaïl na batoto. Munaamuka aje kule Lubumbashi? Ule mugongo uliokuwa unakusumbua kila ukishuka mu kamyo, umepona? Sisi huku tuko. Mama eko na afya, magoti tu njo inamusumbua wakati ya mvua, lakini shamba hajaacha. Bibi yangu Bénite alizaa mutoto mwanamuke mwezi wa kumi. Tulimupa jina Tamar, sawa Mama.

Barua hii naipatia Pasteur Ézéchias. Anapita Kampala na Nairobi, kisha anashuka kwenu ku mukutano ya kanisa. Tangu ulienda na bibi na batoto kutafuta pièces za kamyo kwa miezi mbili tu, na vita ikafunga njia nyuma yako, hii njo mara ya tatu naandika. Sijue kama zile mbili zilifika. Donc usikasirike nikirudilia mambo ulisha kusoma.

Yaya, siku hizi nakukumbuka sana asubui nikiwasha moteur. Nakumbuka ile Mercedes ya bluu, wewe ku usukani, mimi pembeni na kitambaa ya kufuta kioo, juu essuie-glace ilikuwa imekufa. Tulitokaka Butembo na baridi, tumevaa majaketi mbili mbili, na tukishuka kuelekea Beni tunavua moja moja, mupaka tunafika na shati tu. Ku Maboya unasimama kununua avoka. Unaipasua na kisu ya kukatia kamba, unatia chumvi kidogo ya gunia ya patron, unaniambia: "Hii njo prime yetu juu ya mushahara." Na siku mawingu ilifunguka, unazima moteur kando ya njia, unanionyesha theluji ya Ruwenzori, hata kama mizigo inangojwa. Saa tano tuko Beni, saa kumi na mbili tuko tena nyumbani. Hakuna mutu aliulizaka kama tutarudi. Baliulizaka tu tumeleta nini.

Leo njia ni ileile, mais imekuwa ndefu. Bariere ziko mingi, na kila moja iko na basoda yake na maneno yake. Safari ya siku moja inaweza kula siku tatu. Unalala mu kabini, unaamuka mu kabini, unaomba kupita sawa vile unaomba chakula.

Sasa nifike ku jambo yenyewe. Nakuandikia juu ya syndicat, chama yetu ya bashofere, na ninaandika na woga kidogo. Utaona mbele kwa nini.

Patron Maliro angali anapeleka chumvi, sabuni na mabati ku maduka ya Beni, Mangina na Oicha, sawa vile ulimuacha. Sisi bashofere benye mukataba, benye carte ya syndicat, tuko kumi na mbili. Saison ya kahawa ikifika anaongeza bashofere ya saison, na mwaka jana alikamata tisa. Mmoja wao ni Abdias, bwana ya dada yetu Kavuo. Unamukumbuka, ule kijana mupole aliyeimbaka basse mu chorale. Sisi tunalipwa ku mwezi, na tukipita saa munane za kazi tuko na masaa ya kuzidisha, zile ulizipigania wewe. Beye banalipwa ku safari. Kamyo ikikwama siku tatu ku bariere, shofere wa saison analipwa safari moja tu, basi.

Mwezi wa kumi na moja patron alianza kukata masaa yetu ya kuzidisha. Alisema kulala mu kabini hapana kazi. Sisi tukakataa kupakia. Yeye akaita tu ba saison, bakapakia.

Asubui ile ku parking ya Kimemi sitaisahau. Siméon, aliyekamata nafasi yako ya délégué, ya kutusemea mbele ya patron, alisimama mbele ya kamyo ya Abdias, mikono mu mifuko.

"Kamyo hii haitoke," alisema. "Sisi tunadai masaa yetu, na weye unabeba mizigo ya patron nyuma ya mugongo yetu."

Abdias alishuka. Hakupandisha sauti. "Mukubwa Siméon, weye ukikataa leo, mwisho wa mwezi unapata ya kwako. Mimi nikikataa, kesho jina yangu haiko tena. Batoto yangu bakule nini?"

"Ile hapana mambo ya syndicat."

Mimi nilikuwa pale, Yaya. Shemeji yangu ananiangalia, délégué wangu ananiangalia. Carte ilikuwa mu mufuko ya shati. Niliangalia matairi. Mwishowe Abdias alizunguka Siméon na kamyo yake polepole, na bashofere benzangu bakamutupia matope ku mulango. Mimi sikutupa. Mais sikukataza pia.

Siku ya yenga Kavuo alikuja kwa Mama kisha ibada. Tulikuwa tunakula ugali ya bundu na sombe. Alikataa kukaa.

"Yaya Sadrack," aliniambia, "ukilala ku bariere, Bénite anajua siku yako iko inahesabiwa. Bwana yangu akilala ku bariere, mimi napata nini? Risasi ikitoka mu pori, inaulizaka kwanza carte ya syndicat?"

Mama alisema, "Kavuo, acha kaka yako akule." Mais hakuna aliyekula tena vizuri. Nilikumbuka vile wewe ulikaaka ku ile kiti ya kichwa cha meza na kukata kesi zetu zote mbele ya chai. Kiti sasa njo mimi naikalia, na nikasukuma sahani yangu.

Basi tulirudi kupakia, masaa ingali inakatwa, na mwezi wa kwanza tulitumwa kamyo tatu mpaka Oicha: Siméon mbele, mimi katikati, Abdias nyuma. Siméon na Abdias balikuwa baliacha kusalimiana. Tulilala Beni, mu commune Ruwenzori, kwa ule mama wa maharagi wa zamani. Angali anauliza habari yako. Asubui tukatoka. Ku Mavivi, karibu na kiwanja ya ndege, bariere ikatusimamisha.

Basoda balimuambia Siméon ashushe mizigo, kamyo inatakiwa. Aliwaonyesha barua ya njia. Chef yao hakuisoma. "Shofere anapanda na kamyo yake. Atarudi leo," alisema. Gunia za chumvi zikatupwa kando ya barabara, basoda bakapanda na masanduku, na Siméon akaendeshwa ku pori, bunduki ikiwa pembeni yake pale mimi nilikaaka pembeni yako. Alitoa kichwa ku dirisha akatuangalia.

Nilirudi Beni mbio kuita patron ku phonie, ile redio ya kusemea. Alinijibu: "Ninyi wawili mupeleke mizigo Oicha. Mimi nalipa mizigo iliyofika. Mambo ya basoda, basoda batamaliza."

Nilirudi Mavivi na jibu ile. Abdias alikuwa amefunika zile gunia na hema yake mwenyewe.

"Nenda, shemeji," aliniambia. "Weye peleka. Mimi sitoke hapa mupaka nijue habari ya muzee ule."

"Abdias, usipofika Oicha hulipwe kitu."

"Najua. Mais akirudi na hakuna mutu anamujua hapa, atafanya aje?"

Nilienda, Yaya. Nasema ukweli. Nilipeleka mizigo yangu Oicha, na kesho yake nilirudi na nikakaa naye. Donc ya kwangu ilikuwa siku tatu, ya kwake ine. Kila asubui Abdias alienda ku bariere, anavua kofia, anauliza na Lingala yake ya kuvunjika-vunjika, "Chef, muzee wetu eko wapi?" Balimucheka. Siku ya pili balimufukuza. Siku ya tatu mmoja alimupiga kofi. Siku ya ine akarudi tena na kofia mu mukono, anauliza maneno ileile.

Siku ile, saa nane ya muchana, Siméon akatokea anatembea na miguu. Viatu havikuwe. Kamyo ilivunjika pont, ekseli ya nyuma, mu matope mbali kule, na njo vile balimuachilia. Uso yake ilikuwa ya majivu. Mambo aliyoona hajatuambia mupaka leo, na hatumuulize. Abdias alimukalisha juu ya gunia, akamupa chai. Siméon hakuweza kushika kikombe, basi Abdias akamushikia sawa mutoto.

Kisha kunywa, Siméon alimuuliza: "Hizi siku ine, nani anakulipa?"

"Hakuna," Abdias alisema.

Siméon alifunika uso na mikono yake na akalia pale pale mbele ya bariere. Mukubwa ule, délégué wetu. Mimi nilienda kujifanya napima upepo ya matairi.

Tuliporudi Butembo, patron alimuambia Siméon: kamyo haikufikisha mizigo, donc zile siku hapana siku za kazi. Hata masaa, hata mushahara ya siku ine. Alimutendea sawa shofere wa saison.

Sasa, Yaya, njo hapa naogopa. Siméon aliita mukutano mu salle ya kanisa, na aliomba tufute kifungu ya saba ya sheria ya syndicat. Unaijua, juu ni weye mwenyewe uliiandika na kutusomea umesimama: shofere wa saison hana carte, hana sauti mu mukutano, na syndicat haimutetee. Najua kwa nini uliandika vile. Mwaka 1992 patron alileta ba saison makusudi, akakufukuza miezi mbili na Abigaïl eko na mimba. Hakuna aliyesahau.

Mzee Kasika, mukubwa kwetu bashofere bote, alikataa kabisa. "Éliakim hakuwe mujinga," alisema. "Alituachia ukuta, na ninyi munataka kuubomoa." Kisha akanigeukia. "Sadrack, weye ni mudogo yake. Yeye angesema nini?"

Nilisimama. Nikasema: "Yaya aliandika hii juu ya batu balikamata kazi yake. Abdias hakukamata kazi ya mutu. Angekuwa naye ku Mavivi, angeifuta mwenyewe."

Nilisema mu kinywa yako bila kukuuliza. Njia ingekuwa wazi, ningekuuliza. Kama nilikosa, nisamehe, na uniandikie waziwazi. Munane balikubali, bane balikataa. Mzee Kasika alitoka bila kumusalimia mutu.

Kesho yake ba saison tisa bakakaa pamoja na sisi ku parking, na hakuna kamyo iliwaka siku tatu. Maduka ya Beni yakaanza kulia chumvi. Patron akakubali: kila siku mutu eko ku barabara ni siku ya kazi, awe wa mukataba, awe wa saison, awe anaendesha, awe amezuiwa. Mais zile siku ine za Mavivi alikataa kuzilipa mupaka leo, za Siméon na za Abdias pia. Na alipunguza ba saison, kutoka tisa wakabaki sita. Phinées ni mmoja wa batatu balitoka. Sasa anasukuma chukudu ya mbao, imejaa mihogo, ku soko, na tukikutana anageuza uso. Siwezi kumuambia amekosa.

Kavuo amerudi kula kwa Mama siku ya yenga. Hakuniomba musamaha, na mimi sikuhitaji. Alileta samaki ya Kyavinyonge, akaniwekea kichwa, sehemu ya mukubwa.

Siméon haendeshe tena. Mikono ilikataa. Tulimuweka bureau ya syndicat, na kila asubui njo yeye anasoma majina ku parking mbele kamyo zitoke. Anasoma mu daftari ileile uliyoanzisha, jalada ya kahawia, na jina ya kwanza kabisa ni ya kwako. Hakuna mutu alikubali ifutwe. Kila asubui anaanza: "Éliakim." Zamani tulinyamazaka, kisha anapita ku jina ya pili. Tangu wiki mbili, akisema "Éliakim," Abdias anajibu kutoka nyuma: "Eko ku barabara." Na Siméon anatia alama.

Umusalimie sana Shemeji Abigaïl, na ile mutoto mukubwa Lusenge ambaye nasikia anakupita sasa urefu. Mama, Bénite, Kavuo na Abdias banakusalimia. Mama anauliza kama kule kuko baridi na kama kule unga ya bundu ya kweli inapatikana.

Mungu akulinde kila pahali mukono yako inashika usukani, na afungue njia tuonane mbele Mama hajachoka kungoja.

Mimi mudogo yako, ambaye hajapunguza kukupenda hata siku moja,

Kambere Sadrack