Viuno vya Boriti za Mama

Mdogo wangu Sadiki,

Huku New Zealand ni baridi, lakini mimi ni mzima. Natumaini wewe na mkeo hamjambo, na goti la Mama limepata nafuu. Upole wangu unaishia hapo.

Picha ulizonitumia nilizitazama kazini mpaka chai ikapoa. Nilichora boriti za chuma za ghorofa ya Mama zikatwe kiuno karibu na nguzo, yaani kingo zake zipunguzwe pande zote mbili ziwe nyembamba hapo. Fundi Bilali alizikata vizuri kabisa. Kisha wewe ukaleta mtu kutoka Mwanga, akajaza kila kiuno kwa kipande cha chuma, akachomelea na kupaka rangi. Nilipokupigia ukanijibu, "Kaka, kila anayepita anacheka. Wanasema boriti zetu zimeliwa."

Zimeliwa na nani, Sadiki? Mchwa?

Ndivyo tulivyo: tunajengea macho ya mpita njia, anayelala ndani tunamsahau. Ziwa letu limelala ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi hiyo hutikisika. Wewe mwenyewe umewahi kukimbia nje na sahani mkononi. Nyumba ikiyumba, nguvu hukimbilia pale boriti inaposhikana na nguzo. Pale pamechomelewa, na panaweza kupasuka ghafla. Kwa hiyo sisi wahandisi tunaidhoofisha boriti makusudi, kando kidogo ya nguzo, ili ipinde hapo na kiungo kisalimike. Katika karakana yetu nimeona fremu mbili zikisukumwa na jeki kuiga tetemeko. Ya boriti nzima ilikatika kwenye kiungo kwa mlio kama wa bunduki. Yenye kiuno ilipinda, rangi ikabanduka, lakini ikabaki imesimama. Chuma kinachopinda kinakupa muda wa kumtoa mama yako nje.

Kosa langu ni kutuma mchoro bila maelezo. Lako ni kumpuuza Bilali alipokuambia uache.

Alhamisi unataka kumwaga zege la sakafu ya juu. Usimwage. Mwombe Bilali radhi, aviondoe vipande kwa grinda na kulainisha kingo, maana ufa huanzia penye mkwaruzo. Mama nimeshamweleza. Hakubisha, alisema tu, "Basi nitalala chumba cha chini mpaka Bilali mwenyewe aniite juu."

Msalimie mkeo, na shangazi yetu wa Bangwe, ambaye nasikia naye alicheka.

Kaka yako, anayekufokea kwa kuwa hawezi kuja kuishika grinda mwenyewe,
Juma