Baba Kushoto, Mama Kulia

Nyumbani,
Mtaa wa Karakana.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili je, yule mkubwa ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kama kikongwe? Picha yao tuliipata. Mama ameibandika katikati ya kioo cha kabati, kwa hiyo sasa mtu akitaka kuchana nywele inabidi achungulie pembeni ya masikio ya wanao.

Sisi huku wazima kabisa. Mama cherehani yake inanguruma tangu asubuhi, wateja wanamgombania kama kawaida. Mimi mzima, ila sauti imenikauka, naongea kama chura. Sababu yake utaijua sasa hivi.

Nianze na la baba, maana najua ndilo linalokunyima raha. Jicho limepona, kaka! Siku daktari alipomfungua bandeji alimwuliza anaona nini. Baba akamtazama mama weee, mpaka mama akaanza kuona haya, kisha akasema, "Naona mvi. Hizi zilikuja lini?" Mama akamjibu, "Zilikuja ulipokuwa huoni, na aliyezileta ni wewe." Nesi alicheka mpaka akaangusha mkasi.

Toka siku hiyo haambiliki. Anasoma kila kitu kwa sauti: matangazo ya kwenye nguzo, vibandiko vya chupa, hata mabati ya jirani anayahesabu kutu. Wewe uliondoka akiwa bado anaendesha lori, hukumwona alivyokuja kuwa. Miaka mitatu hakuvuka kizingiti bila kushika bega la mama. Mwanamume aliyekuwa akirudi nyuma na tela kwenye uchochoro, anaongozwa mpaka bafuni! Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likituumiza.

Basi alipopata nuru yake alitaka kitu kimoja tu: kwenda uwanjani kuiona timu yake, Nyuki. Si kwenye televisheni. Televisheni alishachoka nayo, kwa sababu mtangazaji wake alikuwa mama, na unajua mama ni Vifaru tangu kuzaliwa ng'ambo ya mto. Kwa mdomo wa mama, katika miaka yote mitatu Nyuki hawakupiga hata shuti moja likalenga goli.

Na mechi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ipi? Nyuki na Vifaru, hapahapa kwetu.

Kaka, tiketi za mechi hii zilitafutwa kuliko mchumba. Kwenye mtandao ziliisha kabla watu hawajamaliza kuandika majina yao. Dirisha la uwanjani lilipofunguliwa foleni ilikuwa imezunguka ukuta mpaka kichwa na mkia vikakutana, ikawa hakuna anayejua nani wa kwanza. Na kwa kuwa watu wanajua nafanya kazi uwanjani, nimepata ndugu wapya wasio na idadi. Mmoja alinipigia simu akasema bibi yake na bibi yetu walikuwa wakichota maji bomba moja. Nikamwambia bomba hilo halikutuachia tiketi hata moja, na ni kweli, sisi wafanyakazi hatupewi.

Baba alipanga foleni mwenyewe, na kinyozi wake nyuma yake. Walipofika dirishani kila mtu alikuwa anauziwa moja tu. Akapata moja, jukwaa la wenyeji. Akarudi nyumbani anaiinua kama kombe, halafu akamwangalia mama na furaha ikamshuka usoni. Mama akainuka. Akaenda chumbani, akarudi na tiketi yake, ya jukwaa la wageni, aliyotumiwa na mjomba kutoka ng'ambo. Naye alikuwa ameificha, anaogopa kumsikitisha baba.

Kubadilishana na watu ili wakae pamoja hakukuwezekana. Tangu vurugu za msimu uliopita, watu walipotupiana chupa na viti, wenyeji na wageni wanatenganishwa kama mafuta na moto. Wanaingia kwa njia mbili, na ndani, katikati yao, kuna ukanda mrefu wa viti vilivyofunikwa turubai ambavyo haviruhusiwi kukaliwa. Ukanda huo ndio kazi yangu mpya. Nasimama hapo na wenzangu, vizibao vya kung'aa mwilini, mgongo kwenye mpira na macho kwa watu.

Nilimwambia baba asiende peke yake kwenye umati ule, jicho lenyewe bado changa. Alinijibu kwa upole tu, "Mwanangu, nimekaa gizani vya kutosha." Nikamwacha. Lakini usingizi wa siku hizo nisikudanganye, haukuwa usingizi.

Jana ikafika. Walitoka nyumba moja, mlango mmoja, baba na jezi yake ya chungwa, mama na yake ya bluu, wameshikana mikono mpaka kwenye vizuizi vya chuma ambapo njia inagawanyika. Wenyeji kushoto, wageni kulia. Hapo wakasimama. Nilikuwa ndani ya geti, nikawaona na kuwasikia.

"Ngazi zina kingo za njano," mama akasema. "Utazame njano."

"Nitatazama."

"Na wakikusukuma, usijifanye kijana."

"Na nyinyi mkifungwa," baba akasema, "usilie mbele za watu."

Watu walikuwa wanalundikana nyuma yao. Askari mmoja akaja, akawatazama, bluu na chungwa, akamwuliza mama kwa ukali wa kazi, "Mama, huyu mzee anakusumbua?"

"Sana," mama akamjibu. "Huu mwaka wa thelathini na tisa."

Askari alichukua muda kuelewa. Alipoelewa akawa hajui afanye nini na uso wake. Baba akauachia mkono wa mama, akaenda kushoto. Mama alibaki amesimama pale mpaka jezi ya baba ikapotea kati ya jezi za chungwa za wenzake, ndipo akaenda kulia.

Sasa mechi. Mimi mechi sikuiona kaka, siruhusiwi kugeuka. Lakini kushoto kwangu nilikuwa na baba, safu ya juu, na kulia mama, na nikuambie ukweli, hakuna mtu aliyeiona mechi ile vizuri kuliko mimi. Nyuki walipofunga, baba hakuruka kama wenzake. Alikaa kimya ameshika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, na kinyozi anamtikisa bega. Upande wa pili mama, Vifaru wake wameshafungwa, naye anapiga makofi! Mwanamume wa karibu yake akamgeukia kwa hasira. Nikaona mama anamwonyesha baba kwa kidole ng'ambo kule na kumweleza. Yule mtu akatazama, akatazama, mwisho naye akapiga makofi mawili ya kujificha.

Vifaru wakarudisha baada ya mapumziko, na karibu na mwisho wakaongeza la pili. Jukwaa la bluu lililipuka. Nikageukia kushoto haraka kuona baba amelichukuaje. Alikuwa amesimama juu ya kiti, anacheka kama aliyefunga yeye. Kinyozi ananiambia alikuwa anapiga kelele, "Tumefungwa! Nimeliona! Limepita hapahapa kwenye mguu wa kipa, nimeliona mwenyewe!" Watu wa Nyuki walitaka kumshusha kwa nguvu, kinyozi ndiye aliyemwokoa.

Filimbi ya mwisho ilipolia, utaratibu ni kwamba wenyeji wanatoka kwanza. Wageni tunawafungia ndani mpaka barabara iwe tupu. Wenyeji wakatoka, vichwa chini. Mara redio yangu ya mkononi ikakoroma. "Kuna mzee huku kwa wenyeji amegoma kuondoka. Anasema mkewe amefungwa."

Mkuu wetu wa usalama, mama mmoja ambaye hata kivuli chake kinafuata kanuni, akauliza, "Amefungwa wapi? Polisi?"

Nikabonyeza. "Hapana, mkuu. Amefungiwa jukwaa la wageni. Huyo ni baba yangu."

 Nikajua kazi imekwenda. Hata vyombo vya nyumbani nilishaanza kuviuza kichwani. Kisha akauliza, "Amevaa rangi gani?"

"Chungwa."

"Rangi hiyo haivuki. Akiificha, avuke. Wewe mwenyewe usimamie, na asianguke."

Nikapanda kumwambia. Kaka, jezi ile baba hajawahi kuivua kwa ajili ya mtu. Alinitazama, akatazama ng'ambo. Kisha akaivua palepale, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena, nyuzi na mishono yote hadharani. Mama kama fundi lazima ilimuuma.

Nikamnyooshea mkono kumvusha kwenye turubai. "Acha," akasema. "Naona."

Akavuka peke yake. Polepole, ngazi kwa ngazi, anatafuta ile njano kwa ncha ya kiatu, anashusha mguu, anatafuta tena. Jukwaa zima la wageni lilikuwa halina la kutazama ila yeye. Wakaanza kunyamaza. Alipoyumba kidogo, mtu akasema "Taratibu, mzee," na sauti nyingine zikapokea, taratibu, taratibu, mpaka ikawa karibu wimbo. Mimi nilikuwa nyuma yake, mikono wazi, sigusi. Alipokanyaga ngazi ya mwisho Vifaru walimshangilia kuliko walivyoshangilia bao. Hapo ndipo sauti yangu ilipokwenda.

Mama alimsogezea nafasi. Akamnyooshea ukosi.

Tulipofungua mageti wageni wakatoka wote, wengine wanampa baba mkono. Wao wawili hawakutoka. Nikawaacha kidogo. Nikawaacha tena kidogo. Wamwagiliaji wa nyasi wakaingia, taa zikaanza kuzimwa moja moja, mkuu wangu akanitazama kutoka mbali. Ikabidi niende nikawafukuze uwanjani baba na mama yangu mzazi, na walitoka wameshikana mikono, wanabishana kwa nguvu zote kama lile bao la pili lilikuwa la kuotea.

Kwa leo karatasi imejaa. Msalimie wifi sana, na wanangu wawili wapige busu la shangazi kila shavu. Mjomba anakusalimu, kinyozi anasema kichwa chako anakidai. Baba na mama wanawaombea afya na riziki, na njia nyepesi ya kurudi nyumbani. Mungu awafunike huko kwa mkono wake.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata bila sauti,

Kipenga.