Bastola ya Zambarau na Kopo la Pichi

Mpendwa Bi. Kessinger,

Nimekusoma gazetini miaka mingi nikicheka shida za wenzangu, leo zamu ni yangu, nakuomba unisaidie na usinitukane sana. Nimepita sitini, napika kwenye mgahawa wa mnada wa ng'ombe hapa mashariki mwa Oklahoma, na alfajiri naendesha peke yangu barabara ya changarawe isiyo na nyumba, na vuli iliyopita gari moja lilinifuata hadi mlangoni pa mgahawa ndipo likageuza, basi mume wangu Doyle akaapa kuwa sitatoka tena bila silaha, akaninunulia zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yetu, bastola ya silinda, ndogo, ya zambarau, akasema, "Mama, hii ni saizi yako kabisa, inakaa mkobani kama lipstiki," nami nikalia kwa furaha, kumbe tulipokwenda kuijaribu nyuma ya ghala, na vidole vyangu hivi vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, triga, kile kidude cha kufyatulia, haikusogea, nikavuta, nikavuta tena, nikatia vidole viwili, ndipo ikalia na risasi ikatoboa tangi la maji ya ng'ombe, Doyle akanipigapiga begani akasema, "Usijali mpenzi, mwizi akija akiwa tangi, amekwisha."

Sikuwa na moyo wa kumwambia ukweli, kwa hiyo bastola naiacha jikoni ndani ya kasha la unga, nimeifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki ili mjukuu wangu Kenlee asiichafue tunapooka biskuti, na mkobani natia kopo la pichi, maana kila asubuhi Doyle huunyanyua mkoba kupima uzito na kusema, "Haya, leo mama ana meno," nami naondoka nikiona aibu. Sasa Jumamosi kanisa letu lina siku ya kinamama ya kupiga shabaha na Doyle ameshaniandikisha, na shemeji yangu Royce, ambaye ndiye pekee anayeijua siri, ananiambia, "Shemeji, niachie hiyo kitu gereji, nina tupa yangu ya kusugulia chuma, triga nitailainisha mpaka ukipiga chafya inalia." Nimpe? Au kuna bastola ya kubeba kwa siri yenye triga ya mtu kama mimi? Na Doyle nimwambie nini jamani?

Wanda Faye

*

Wanda Faye, mama mpishi,

Kabla ya neno lolote: weka gazeti chini, nenda jikoni, itoe bastola kwenye unga, ondoa risasi, ifungie kwenye kasha lenye kufuli, kisha rudi uendelee kusoma.

Umerudi? Vizuri. Umemficha mume bastola, ukamwekea mjukuu pale anapotia mikono. Eti asiichafue! Wewe ambaye bila shaka humkaripia mteja akiweka kofia mezani. Sikubembelezi kwa hilo, na najua hutalirudia.

Sasa tuje kwa hao mabwana wawili. Nimechoka na wanaume wanaoamini kuwa mwanamke anahitaji bastola ndogo kama alivyo na mkono mdogo, halafu wanaipaka rangi ya pipi ili asiulize maswali. Hiyo ya zambarau ni ndogo na nyepesi, ndiyo maana inakurusha mkono kama teke la punda. Na bastola za aina hiyo mara nyingi triga yake ni nzito kuliko zote dukani. Vidole vyako havina kosa. Doyle alinunua pambo kwa upendo, na upendo haulainishi springi.

Royce je? Mwambie tupa yake akanolee mapanga. Springi ikilegezwa ovyo, bastola inaweza kukataa kulia siku unapoihitaji. Chuma kikisuguliwa ovyo, inaweza kulia yenyewe mkobani katikati ya ibada. Wewe hutafuti triga ya chafya. Unatafuta triga inayokwenda taratibu, bila kukwama, kwa kidole kimoja, huku mdomo wa bastola umetulia.

Nenda kwenye duka lenye uwanja wa shabaha, linalokodisha bastola kabla ya kuuza. Omba ya ukubwa wa kati, ya magazini, yenye risasi ndogo isiyopiga teke, na kile chuma cha juu cha kupakia risasi kiwe rahisi kukivuta nyuma kwa mikono yenye yabisi. Jaribu kadhaa. Piga hadi uchoke, kwa sababu kidole kilichochoka hakidanganyi. Halafu nunua ala ngumu inayofunika triga yote, uivae kiunoni, maana mkoba huibwa na hufunguliwa na watoto.

Doyle mwambie leo, kabla ya chakula cha jioni, kwa maneno haya: "Mume wangu, tangu uninunulie bastola nimekuwa nikipita barabara ile na kopo la pichi." Anaamini unalindwa, na huo ndio uongo unaoweza kukuzika. Yule dereva wa vuli akirudi, hatapima uzito wa mkoba.

Jumamosi kanisa litapiga shabaha bila wewe. Nenda dukani. Doyle akitaka kukusindikiza, aende, lakini akae kwenye gari na kahawa yake. Akishuka, mrudishe.

Bi. Roberta Kessinger