Petroli Iliyokuwa Ikipotea

Jumatatu, 4 Novemba

Gari limezima mara mbili kabla ya kufika gati la Mtangawanda. Mara ya pili nazi zote zikashushwa, zikapakiwa juu ya punda. Nimefungua boneti nikangoja injini ipoe. Likawaka. Chujio la petroli ni safi. Plagi nimezisugua. Tangi halina maji. Oili nimeipima asubuhi kama kila siku, iko juu ya alama. Angalau hiyo haipungui.

Faraj, mwana wa mwenye gari, amechovya kijiti chake kwenye tangi jioni. Akaangalia kijiti, akaniangalia mimi. Sipendi anavyonyamaza.

Jumanne, 5 Novemba

Leo amesema.

Mbele ya duka, watu kumi hivi wamekaa, wengine nimewabeba bure miaka yote hii. Akasema, "Mutua, petroli yangu waiuzia wenye mashua." Hakuuliza. Alisema. Halafu akaongeza, "Nyinyi watu wa bara mwaja na mkoba mtupu."

Miaka sita naendesha Landrova ya mama yake. Ni ya zamani kuliko Faraj mwenyewe. Nimelala chini yake kwenye matope. Sijawahi kuteka hata kikombe cha petroli.

Nimerudi chumbani nikapiga ukuta ngumi. Upumbavu, mkono umevimba.

Jumatano, 6 Novemba

Petroli inaisha kweli. Hilo ndilo linaloniua. Nimejaza jana, leo imeshuka kupita safari niliyokwenda. Nimetambaa chini ya gari kutoka tangi hadi injini, nikapapasa bomba lote. Kavu. Hakuna tone mchangani.

Kama si mimi, nani? Ningekuwa Faraj, hata mimi ningemshuku Mutua. Nachukia kuandika hivyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Bi Zuhura, mama yake Faraj, alikuwa na miadi ya macho Amu, mjini Lamu. Daktari huyo huja mara chache, na mama wa watu haoni vizuri jicho la kushoto. Tulitoka mapema. Gari likazima katikati ya minazi, likakataa kabisa kuwaka. Tukampandisha punda, mama wa miaka sabini na buibui yake, mimi nikishika kamba. Tulipofika, mashua ilikuwa imeshaondoka.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Mngu ndiye ajuwae."

Faraj alinilaumu kwa niaba yake. Kwamba nimeliharibu gari makusudi kwa sababu nimegunduliwa. Amechukua ufunguo. Nimempa. Ningekuwa kijana ningemrushia usoni.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya sala ya adhuhuri Athman amekuja. Ndiye fundi wa injini za boti hapa Pate. Sikumwita. Amesema amesikia maneno ya dukani na hayakumwingia. Ufunguo ameuomba mwenyewe kwa Bi Zuhura.

Ameng'oa bomba linaloingia kwenye kabureta, akaniambia nipige stata. Bomba likatema petroli kidogo, likakohoa, likaacha. "Pampu yako haisukumi," akasema. Kisha akachomoa dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, akaipeleka puani, akanipa na mimi.

"Hini si oili tena. Gari lanwa petroli kwa ndani."

Harufu ilinipanda kichwani. Kila asubuhi nimeipima oili hiyo. Niliona imezidi, nikafurahi. Miaka thelathini ya udereva, na sikunusa! Leo hasira yangu ina watu wawili, Faraj na mimi.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumeifungua pampu. Boliti mbili tu, ubavuni mwa injini. Ndani kuna utando wa raba unaopanda na kushuka kuvuta petroli. Umepasuka, ufa mrefu kama kidole. Petroli ilikuwa inapita kwenye ufa na kumwagika ndani ya injini, ikichanganyika na oili. Iliyobaki kidogo ndiyo iliyokuwa ikifika kwenye kabureta, na injini ikipata joto haikutosha.

Nikamwaga oili yote. Beseni halikutosha. Nyepesi kama chai.

Nimebeba beseni hadi barazani kwa Bi Zuhura, utando uliopasuka mfukoni. Nililiweka miguuni pa Faraj, likamwagika kidogo kwenye viatu vyake. Sikusikitika. "Petroli yako hii hapa," nikamwambia. "Nenda kawauzie wenye mashua."

Bi Zuhura akachovya kidole akanusa. "Kumbe mwivi ni pampu," akasema. Akamgeukia mwanawe. "Faraj, nena."

Faraj aliinuka akaingia ndani.

Jumanne, 12 Novemba

Pampu mpya imefika kutoka Mombasa. Nimeifunga na Athman, tumeweka oili mpya. Gati na kurudi, mara mbili, halikuzima hata mara moja. Injini imesalimika.

Nimemwambia Faraj kwamba alilosema mbele ya duka alitengue mbele ya duka. Akasema, "Mambo yamekwisha, Mutua. Kesho twapakia nazi."

Yamekwisha kwake. Leo tu muuza samaki ameniuliza kwa mzaha kama nina petroli ya kumpa. Nimemwambia Bi Zuhura naondoka. Alilia. Aliomba radhi yeye, na si yeye aliyenikosea. Nikakaribia kubadili nia. Sikubadili.

Alhamisi, 14 Novemba

Mokowe, upande wa bara, alasiri.

Faraj mwenyewe ndiye aliyenipeleka gatini, hakuna dereva mwingine. Anasaga gia. Aliubeba mkoba wangu hadi kwenye ngazi, akasimama. Hapakuwa na mtu karibu. Akasema chini chini, "Niwiye radhi. Nilikukosea."

Nikamwambia, "Nimekusikia." Ameaibika, naamini. Lakini duka liko kule, na mimi nimekwisha kuvuka.

Basi ni la kesho asubuhi. Nimepata kitanda karibu na kituo. Nimekula wali na maharagwe.

Nimempigia Mwende nyumbani, nikamwambia narudi. Mke wangu hakuuliza kwa nini. Amesema mvua imenyesha Kitui siku tatu mfululizo, na kunde za upande wa mtoni bado hazijapandwa.