Mkeka wa Vyura

Kanyangi,
6 Juni 1976

Dada Kalunde,

Mutie amekaa sasa hivi ndani ya karai! Nimegeuka tu nichukue kamba, kumbe ameingia na kuukalia mzigo wako, anacheka, matope mpaka kwenye kope. Basi ukikuta jani limepondeka, ujue ni makalio ya mwanangu.

Habari ya Nairobi? Kifua kimepoa? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu.

Ule mmea wa mkeka wa vyura ulioomba nimeung'oa na tope lake, nikautia karaini, na sasa naufunga kwenye mkebe. Nimeutoa pale pale kando ya kidimbwi, Mwaitu, mama yetu, alipokuwa akituogesha, akitukataza tusikanyage vile vijani vinne vinne, eti vyura wamelala. Afadhali umeomba mapema. Jumatatu akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi, tunakichimba kidimbwi kiwe kirefu, na tope lote linatolewa. Hata mimi nitachimba, maji tunayafuata mbali mno.

Lakini kwa nini nikutumie? Njoo ujionee. Tangu mama yetu azikwe mwaka jana hujakanyaga hapa.

Mdogo wako,
Mbinya

Nairobi,
19 Julai 1976

Mpendwa Mbinya,

Pokea salamu nyingi, na umpige busu huyo mwenye makalio. Kifua kimepona.

Mkebe ulikaa siku tano njiani. Majani yalifika meusi, yananuka. Mama Wanjiro, mwenye nyumba ninamofanya kazi, akaziba pua: "Kalunde, takataka hiyo usiitie kwa samaki wangu!" Nikaweka tope kwenye bakuli pale dirishani jikoni, kila asubuhi naongeza maji. Siku ya kumi na saba nikaona uzi wa kijani. Leo ni vijani vinne vinne, vidogo kuliko kucha ya Mutie! Mama Wanjiro mwenyewe amevipanda kwenye tangi la samaki, huku mbele, karibu na kioo. Wageni wakija anawaambia vimetoka ng'ambo. Nami nawamiminia chai. Akitoka, nachuchumaa mbele ya kioo kama mtu anayefuta vumbi, natazama kwetu.

Kuja, hapana. Shangazi Syokau alisema kanisani, "Huyo wa Nairobi hata mamake hakumzika." Barua ilinifikia kaburi limeshafunikwa. Nani ataniamini?

Dada yako,
Kalunde

Kanyangi,
8 Agosti 1976

Dada yangu,

Hatujambo, nawe natumaini hujambo. Kidimbwi kimechimbwa. Maji yapo, dada! Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Ila ukingo ni udongo mwekundu tu, sikuona hata jani moja. Mkeka wote uliobaki unao wewe.

Barua yako nimeisoma mara nne. Pale ulipoandika unafuta vumbi, nilishindwa kula. Barua ya msiba haikuchelewa njiani. Niliiandika mimi, kwa kuwa baba hajui kusoma, akaniambia niipeleke kwa basi. Uchungu ukanishika siku ile ile, Mutie akazaliwa, na barua ikabaki chini ya godoro langu siku nne. Nilipoikumbuka niliogopa. Nikaituma kimya kimya. Walipokusema, nilijifanya namnyonyesha mtoto.

Nisamehe. Jumapili nitasimama kanisani niseme, wacha wanicheke. Halafu uje bila kuinamisha kichwa, ulale kitanda chetu cha zamani, Mutie katikati. Shangazi Syokau yuko hapa nje anamrusha juu. "Wee Mbinya, unamwandikia nani siku nzima? Toka nje uje hapa!" Ndiye huyo ananiita, naenda nimwambie sasa hivi, kabla moyo haujarudi nyuma.

Mdogo wako,
Mbinya